Ziara Huanza Mlangoni

Nilirudi Ifakara na kompyuta mpakato moja na hasira nyingi. Ofisi ya Dar es Salaam niliyokuwa nikiifanyia kazi ilikuwa imeamua kwamba sisi waandishi wa programu tunaweza kukaa popote penye umeme na mtandao. Baba alikuwa amefariki masika yaliyotangulia, kwa hiyo popote pangu pakawa chumba cha uani nyumbani kwa mama, Kibaoni, dirisha likitazama mashine ya jirani ya kukoboa mpunga. Mashine ile ikiwaka, taa yangu ilififia, na vumbi la pumba liliingia mpaka katikati ya herufi za kompyuta. Majirani walidhani sina kazi. Mwanamume mzima anashinda ndani mchana kutwa, mlango umerudishwa. Wengine walimpa mama pole mbili kwa mkupuo, ya mume na ya mtoto.

Kazi nilikuwa nayo. Mtu akifungua ukurasa wa ofisi fulani akakuta jedwali la majina, kalenda ya kuchagua tarehe na kitufe cha kijani cha kuhifadhi, kuna mtu aliyekaa akavipanga. Mtu huyo ni mimi. Sivichongi mwenyewe. Tunatumia Java, lugha ya kuandikia programu, na juu ya Java kuna kitu tunachokiita maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja. Ni ghala la vipande vya skrini vilivyokwisha kutengenezwa na watu nisiowajua, katika nchi nisizozijua. Ukitaka kalenda unaiita kwa jina lake, inakuja. Ukitaka jedwali linalojipanga lenyewe, linakuja, na rangi zake na vivuli vyake. Wenye fani huziita skrini za namna hiyo tajiri. Nimepanga skrini tajiri kwa miaka mingi na bado sijui utajiri huo unamfikia nani.

Mama yangu ni Mpogoro wa upande wa Mahenge. Aliteremka bondeni akiwa ameolewa karibuni, kufuata mpunga, na maisha yake yote aliyagawa kama wanavyoyagawa watu wa huku: kiangazi mjini, masika shambani ng'ambo ya mto, kwenye kibanda, wakilinda ndege na nguruwe mpaka mavuno. Baba alipokufa, mama aliacha kwenda. Shamba likakodishwa. Miezi ile ya kwanza mama alilala ameelekea ukutani, na chakula nilichompikia nilikikuta kama nilivyokiacha. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa mgongo wake.

Kilichomwinua ni wagonjwa. Jumuiya yao ya kanisani ilikuwa na kikundi cha kuwatembelea watu walioshindikana hospitalini na kurudishwa nyumbani, na baadaye mradi mmoja wenye ofisi mtaa wa Viwanja Sitini ukakichukua kikundi kile, ukakipa fulana na mabegi. Mama alianza kuamka mapema tena. Alipiga pasi khanga. Alirudi jioni na habari za nyumba alizopita, akala huku anasimulia, na mimi nikasikiliza habari za vidonda na homa kwa furaha ambayo sikuthubutu kuionyesha. Nilielewa vizuri sana kwamba siku kazi ile itakapomtoka mikononi, atarudi ukutani, na safari hiyo sitaweza kumgeuza.

Namna yake ya kutembelea niliiona mara nyingi, maana kuna siku nilimsindikiza. Alipiga hodi, akangoja aitikiwe hata kama mlango uko wazi. Akisha kuingia, aliuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, za ndege kama wameshaanza kushuka. Akapewa maji akanywa. Kisha alikaa kwenye mkeka karibu na mgonjwa na kunyamaza, na ule ukimya ulikuwa mrefu mpaka mimi nilianza kuhesabu mabati ya paa. Siku moja nikamuuliza kwa nini haulizi moja kwa moja mtu anaumwa wapi. Alinijibu kwamba ugonjwa hauulizwi, unangojwa. Mgonjwa akishaona huna haraka, atauleta mwenyewe. Na kweli, mara nyingi aliuleta, na pamoja na ugonjwa akaleta mengine: mtoto asiyepiga simu, mume anayelala nje, hofu ya kufa wakati wenzake wako mashambani na hakuna wa kumfumba macho.

Kisha mradi ukataka mfumo. Karatasi zilikuwa zinalowa, zinapotea, na watu wa mbali walitaka kuona ziara zote kwenye skrini moja. Kwa bahati ambayo siku ile niliiita nzuri, kazi ikaangukia ofisi yetu, na kwa kuwa mimi nilikuwa papo hapo, nikapewa skrini. Nilizipanga kwa moyo, kwa sababu nilijua ni nani atakayezigusa. Maktaba ilikuwa na kipande kinachopeleka mtu hatua kwa hatua, ukurasa huu ukijaa unafuata mwingine, nikakiweka. Iliyokuwa fahari yangu ni kipimo cha maumivu: kijiti cha kusogeza kwa kidole kutoka kijani kwenda nyekundu. Mwanzoni kabisa kulikuwa na kitufe kikubwa kimeandikwa "Anza ziara", na kitufe hicho kilichukua pia mahali mtu alipo, ili mradi ujue kwamba kweli alifika kwa mgonjwa na hakujazia nyumbani kwake.

Vishikwambi vikagawiwa. Akina mama walivishika kwa ncha za vidole. Mama alijifunza haraka kuliko nilivyotegemea, na alikipenda kile kijiti cha maumivu, alikisogeza huku na huku akicheka. Wiki ile nilitembea mjini kifua mbele.

Haikupita muda nikamkuta amekaa ukumbini, kishikwambi kiko mapajani kama mtoto wa watu aliyeachiwa bila kuambiwa mama yake anarudi lini. Akaniambia kimemfukuza. Nikakichukua. Kwenye skrini kulikuwa na maneno niliyoyaandika mwenyewe, na adabu zake zote: Muda wa ukurasa umekwisha, tafadhali anza upya. Yale aliyokuwa ameyajaza kwa mgonjwa yalikuwa yamekwenda.

Nikamweleza, na hapa inabidi nieleze tena. Skrini zetu zile hazijitegemei. Kila ukurasa unaouona kwenye kishikwambi una pacha wake kwenye seva, ile kompyuta kubwa iliyoko mbali, na kila ukibonyeza kitu, huyu anamuuliza yule. Seva haiwezi kuwashikilia mapacha wa watu wote milele, itajaa. Kwa hiyo ukikaa nusu saa bila kugusa kitu, inakusahau. Inafuta. Nusu saa ni kawaida ya kazi yetu, na katika ofisi ya mtu anayekaa mezani nusu saa ni nyingi.

Lakini mama alikuwa anabonyeza "Anza ziara" mlangoni, akishapiga hodi. Vijana wachache waliokuwa kwenye kikundi walibonyeza walipokuwa tayari kuuliza maswali. Yeye alisoma kilichoandikwa akakitii. Baada ya hapo zilifuata salamu, maji, mkeka na ule ukimya, na huko mbali seva ikawa imekwisha kumsahau kabla mgonjwa hajasema neno. Nikamwambia abonyeze baadaye.

"Ziara imeanza nilipopiga hodi, baba," akanijibu, kwa jina lile analoniitia akitaka nisibishe. "Nikisema imeanza baadaye nitakuwa nimewadanganya."

Nilibisha kidogo. Akakubali, kwa shingo upande, kungoja. Haikusaidia. Alianza kujaza ukurasa wa kwanza na wa pili, kisha mgonjwa akaguswa na swali, akaanza kulia au kusimulia, na mama akakigeuza kishikwambi kifudifudi kwenye mkeka, maana hakuweza kumtazama mtu anayelia huku ameshika kitu kinachowaka. Alipokigeuza tena, kilikuwa kimemfukuza. Wenzake wa rika lake walikuwa na shida ileile. Ila wenzake walikuwa na wajukuu, na mashamba, na waume.

Nikapigana na ofisi. Sitasema nilipigana kishujaa, nilipigana kwa simu, huku mashine ya mpunga ikinifunika sauti. Niliomba muda uongezwe. Mkuu wetu wa kazi, ambaye hana ubaya, alijaribu kuuongeza mpaka saa kadhaa, na seva ikajaa mapacha wasio na wenyewe ikaanguka mchana kweupe, na wateja wengine tuliokuwa tunawahudumia kwenye seva ileile wakapiga kelele. Muda ukarudishwa. Nikapendekeza kile kipande cha maktaba kinachobisha hodi kwenye seva kila baada ya dakika kadhaa ili isisahau. Tukaona kinakula vifurushi vya intaneti, na upande wa ng'ambo ya mto, ambako mtandao unakuja na kuondoka, kilikuwa kinabisha pasipo na mtu wa kufungua. Dawa ya kweli ilikuwa moja: kukivunja kile kipande cha hatua kwa hatua na kukipanga upya, kila jibu lihifadhiwe palepale linapojazwa. Ndiyo kasoro ya vitu vya kuletewa vikiwa vimekwisha kutengenezwa. Vizuri vyake unavipata bure, na ukitaka kuvigeuza lazima ufumue mpaka ndani, mshono kwa mshono. Ofisi ikaniruhusu, kwa sharti kwamba nifanye baada ya kazi nyingine.

Wakati huo masika yalikuwa yamechachamaa. Mto Lumemo ulipanda, barabara za mitaani zikawa mifereji, umeme ukikatika ulikatika kwelikweli. Mratibu wa mradi aliwaita wahudumu kikao. Ni dada mpole, anayeongea kama anayeomba radhi kwa kila sentensi. Aliwaambia kwamba walioko juu wanatazama ziara zilizokamilika kwenye mfumo tu, na ambao ziara zao zitakuwa bado hazionekani kufikia wakati wa mavuno, watawapisha vijana, ili wao wenyewe wapumzike.

Mama alirudi na neno hilo moja.

"Nilishapumzika," aliniambia. "Unajua mwenyewe nilivyopumzika."

Nilijua. Nilirudi chumbani kwangu nikafumua kile kipande kwa hasira, siku baada ya siku, nikitukana watu wa nchi nisizozijua. Mashamba yalikuwa yanageuka rangi, watu wamehamia huko, nyumba nyingi za mtaani zimefungwa kwa kufuli, na mimi bado. Kila niliporekebisha hapa, pale palifumuka. Kuna wakati jedwali lilikataa kabisa kuonekana, na wakati mwingine kijiti cha maumivu kilibaki kwenye nyekundu hata ukikiachia. Nilifikiri kumwambia mama aache tu, akae nyumbani, nitamtunza. Sikumwambia. Ningekuwa nimemzika mwenyewe.

Kisha nikaona jambo la kunipa moyo. Nilikuwa na ruhusa ya kuangalia jedwali la ziara, na jina la mama, lililokuwa chini kabisa, likaanza kupanda. Ziara yake moja ikawa kijani, ikafuata nyingine. Baada ya muda mstari wake wote ulikuwa kijani. Nikadhani mtandao umetengemaa, au wagonjwa wamekuwa wachache wa maneno. Nilimuuliza jioni anafanyaje, akasema amezoea. Aliyasema huku anakula vizuri, na mtu anayekula vizuri nyumbani kwetu hakuulizwa swali la pili. Mratibu alimtaja kwenye kikao, akawaambia wengine wamfuate. Suala la kupisha vijana likafa kwa upande wake.

Mavuno yalipoanza, kazi yangu nayo ikaisha. Kila jibu sasa lilihifadhiwa palepale. Seva ingeweza kukusahau, na ukigusa tena ingekukuta ulipoishia. Unaweza kukaa na mgonjwa mpaka jua lizame. Nilimwonyesha mama mezani, nikakiacha kishikwambi huku tunakula, nikakigusa, kila kitu kipo. Alitazama akasema vizuri, hongera. Nilitegemea zaidi ya hapo, nikajiambia amechoka.

Siku iliyofuata nikamsindikiza. Nilitaka kuiona ile dawa ikifanya kazi, na nyumba niliyoichagua ni ya bibi mmoja aliyekuwa rafiki yake wa miaka yote, mkubwa kwake kidogo. Walishuka pamoja kutoka Mahenge. Vibanda vyao vya shambani vilitazamana, walilinda ndege wakiitana kutoka kibanda hiki hadi kile, na nikiwa mdogo nililala kwake kama kwetu. Sasa alikuwa na kansa, amerudishwa nyumbani, na shuka lililomfunika lilikuwa limelala karibu sawa na godoro.

Mama alipiga hodi na kuingia kwa wakati mmoja. "Shikamoo dada," alisema, na kabla marahaba haijamalizika alikuwa ameshakaa, kishikwambi kimewaka. Mimi ndiye niliyeuliza habari za watoto, na za ndege. Binti wa bibi alileta maji, mama akayapokea akayaweka sakafuni. Umelalaje? Umekula? Umetapika? Dawa umemeza? Sauti yake ilikuwa nzuri, ya upole, na kidole kilikwenda mbele ya sauti. Alipofika kwenye maumivu alimsogezea bibi skrini, bibi akaangalia kile kijiti bila kukigusa, mama akakisogeza kwa niaba yake. Kisha akahifadhi, akafunga begi.

"Mdogo wangu," bibi alisema, "kuna jambo nilikuwa nataka tuongee."

"Utaniambia nikija tena, dada. Leo nina nyumba nyingi." Alimshika mkono, kweli alimshika, akasimama. Maji yalibaki pale sakafuni hayajaguswa.

Nje, jua la mavuno lilikuwa kali na mtaa ulinukia mpunga mpya. Nilikokota baiskeli tuliyokuja nayo mpaka tukapita nyumba kadhaa. Nilimwambia mama kwamba mfumo haumfukuzi tena, nilimwonyesha jana, angeweza kukaa naye.

"Nikae nifanye nini?" akaniuliza. "Nimeshajaza."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekuambia mchele umeshaoshwa. Nikatazama mgongo wake akitangulia, umenyooka, una haraka, na nikaona kwamba miezi yote niliyokuwa nafumua na kushona mimi kule chumbani, yeye naye alikuwa anajifumua na kujishona, na amemaliza kabla yangu. Nilisikia uchungu mkubwa, na juu ya uchungu nikasikia kitu kibaya zaidi, ahueni, kwa sababu mgongo ule haukuwa umeelekea ukutani.

Nilijaribu tena siku nyingine kwa mzunguko, nikamkumbusha alivyokuwa akisema kuhusu kungoja. Alicheka, akasema zamani alikuwa na muda. Nikaandika kwa ofisi kwamba marekebisho yamekamilika, wakanipongeza.

Bibi alikufa kabla zamu yake haijafika tena. Alikufa mchana, na binti yake peke yake, wengine wakiwa kwenye mpunga. Walipigiwa simu, wakaja na majani bado yamewaganda kwenye nguo. Tulimzika kesho yake. Mama aliimba na kwaya, akapanga foleni ya kutupa udongo, akawafariji watu, hakulia. Wale waliomjua walisema amekomaa kwa kazi yake ile ya wagonjwa.

Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye kizingiti cha jikoni bila kuvua kitambaa cha kichwani. Mashine ya jirani ilikuwa inakoboa, tukangoja inyamaze.

"Alitaka kuniambia kitu," alisema.

Nilimwambia pengine lilikuwa jambo dogo tu, la mashamba, au la binti yake. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa, kama anayefukuza nzi.

"Hivi ulisema kishikwambi siku hizi kinangoja muda gani?"

"Hata siku nzima, mama."

"Siku nzima," alirudia, akainuka, akaingia jikoni kuwasha moto.